Belinda Mulrooney na Hoteli za Klondike: Kweli au Uongo?

Kama umewahi kukaa kijiweni na watu waliopita Mererani, Geita au Chunya, hadithi za miji ya machimbo hazijakupita. Kijana aliingia na koleo, akatoka na gari. Mama aliyeanza na chupa mbili za chai, leo ana gesti ya vyumba ishirini. Sakafu ya baa ilifagiliwa, takataka zikaoshwa, ikapatikana dhahabu.

Hadithi kama hizo zimejaa pia kaskazini ya mbali ya Kanada, kwenye mji wa Dawson, uliozaliwa baada ya dhahabu ya Klondike kugunduliwa jirani na hapo mwaka 1896. Na kati ya wenye hoteli wote wa mji ule, hakuna anayesimuliwa kama Belinda Mulrooney, binti wa Kiayalandi aliyefika Juni 1897 akiwa na umri wa miaka 25. Miezi kumi na mitatu baadaye alikuwa anafungua hoteli ya kifahari kuliko zote mjini. Maisha ya namna hiyo hayakosi chumvi ya wasimulizi. Tuzichukue simulizi zinazorudiwa zaidi, tuone ipi inasimama.

"Klondike iko Alaska, Marekani."

Si kweli. Klondike iko Yukon, ndani ya Kanada. Kosa hili linaeleweka, kwa kuwa wasafiri wengi walishukia bandari za Alaska, hasa Skagway na Dyea, kisha wakavuka milima kuingia Kanada. Ila mpaka huo ulikuwa na uzito wake. Juu ya milima kulikuwa na polisi wa Kanada waliomrudisha kila asiyekuwa na chakula cha kumtosha karibu mwaka mzima. Ukijumlisha chakula hicho na vifaa vya kazi, mzigo wa mtu mmoja ulikaribia tani nzima. Kwa kuwa hakuna anayebeba tani mgongoni, mtu alipanda mlima na furushi moja, akalificha, akateremka kufuata jingine. Wengine walirudia safari ile mara thelathini au zaidi katika theluji ileile.

"Ilikuwa nchi tupu mpaka wachimbaji walipofika."

Si kweli kabisa, na hili linastahili kusemwa kwa sauti. Pale Mto Klondike unapoingia Mto Yukon palikuwa na kambi ya uvuvi ya watu wa Tr'ondëk Hwëch'in, walioishi kwa samaki aina ya samoni vizazi na vizazi. Hata ile dhahabu ya Agosti 1896 haikuvumbuliwa na Mmarekani George Carmack peke yake, kama vitabu vingi vya zamani vilivyodai. Alikuwa na mkewe Shaaw Tláa, shemeji yake Keish, na Dawson Charlie, wote watatu wenyeji wa eneo lile la kaskazini. Wageni walipofurika, Chifu Isaac aliwahamisha watu wake wakaenda Moosehide, kilomita chache chini ya mto, ili kuwanusuru na vurugu za mji mpya. Mwaka 2023 UNESCO iliitambua Tr'ondëk-Klondike kuwa urithi wa dunia, na safari hii simulizi rasmi ilianza na wenyewe.

"Belinda alifika Dawson mikono mitupu, akatupa sarafu yake ya mwisho mtoni."

Sarafu ni kweli, kwa simulizi yake mwenyewe. Mikono mitupu si kweli.

Alisema kuwa alipofika ukingoni mwa Mto Yukon aliitupa majini sarafu moja ndogo iliyobaki mfukoni, ili aanze upya. Msimulizi gani ataiacha? Wengi huishia hapo, msomaji akabaki na picha ya maskini aliyebahatika. Wanachokiruka ni shehena. Belinda alikuwa amekuja na marobota ya vitambaa vya pamba, nguo za ndani za hariri na chupa za mpira za kutia maji ya moto. Wenzake walibeba unga, maharage na sululu. Yeye alijiuliza mtu aliyelala kwenye hema la turubai, kwenye baridi inayogandisha maji ndani ya ndoo, atalipa nini apate chupa ya moto miguuni. Inasimuliwa kuwa bidhaa za dola 5,000 ziliuzwa kwa dola 30,000. Hata ukizipunguza nusu tarakimu hizo, hiyo haiwi bahati.

Tena huo haukuwa mwanzo wake wa biashara. Alizaliwa mwaka 1872 katika jimbo la Sligo, Ayalandi, akaachwa kwa bibi yake wazazi walipohamia Marekani, na aliwafuata akiwa na miaka 13 huko Archbald, Pennsylvania, mji wa makaa ya mawe. Akiwa na miaka 20 na ushee alikuwa Chicago, akiwauzia chakula watu waliomiminika kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1893. Akahamia San Francisco, akafungua biashara, ikaungua. Akaingia kazini kwenye meli ya City of Topeka iliyokwenda Alaska, akiwahudumia abiria na huku akiuza vitu vidogovidogo kila bandari. Kisha akafungua duka Juneau. Kwa hiyo fununu za Klondike zilimkuta tayari yuko jirani. Meli zilizopeleka habari za dhahabu hiyo San Francisco na Seattle zilitia nanga katikati ya Julai 1897. Dunia nzima inaanza kupakia mizigo, Belinda ameshafika Dawson na anauza.

"Migodini anayetajirika ni muuza chakula, si mchimbaji."

Kweli. Wazee wetu wa machimboni wamelisema hili siku nyingi, na Klondike inawapa haki yao.

Makadirio yanayokubalika ni haya: watu wapatao 100,000 walifunga safari kwenda Klondike. Waliofika ni kati ya 30,000 na 40,000. Waliopata dhahabu ya maana ni 4,000 hivi, na waliotajirika kwelikweli walikuwa mamia tu. Sababu iko wazi. Vitalu vizuri vya mito ya Bonanza na Eldorado vilikuwa vimeshachukuliwa kabla habari hazijafika Seattle. Aliyefika mwaka 1898 alikuta mchanga wote una wenyewe. Lakini alikuwa bado anahitaji kula, kulala na kukausha soksi.

Belinda aliyaona hayo mapema kuliko wengi. Wakati wenye mitaji wote walikuwa wakigombea viwanja vya mbele ya mto mjini Dawson, yeye aliondoka mjini. Alijenga nyumba ya magogo ya ghorofa mbili pale Bonanza na Eldorado zinapokutana, umbali wa kilomita 20 hivi, katikati kabisa ya machimbo. Akaiita Grand Forks Hotel. Watu wa mjini walimcheka. Nani atakwenda kulala porini? Walichosahau ni kwamba mchimbaji hayuko mjini, yuko shimoni, na jioni hana nguvu ya kutembea kilomita 20 kufuata sahani ya chakula. Alimfuata mteja alipo. Alijenga hata vibanda vya mbwa, maana msafiri wa kule alikuja na timu ya mbwa wa kuvuta mizigo kwenye theluji, na mbwa nao walilala kwa malipo. Kuizunguka hoteli hiyo ukaota mji mzima wa maelfu ya watu, nao ukaitwa Grand Forks.

Ila usemi wa wazee una masharti. Si kila muuza chakula alitajirika. Wengi walifilisika kwa moto, kwa mikopo, au kwa kuleta bidhaa ambayo kila mtu ameileta. Na Belinda mwenyewe hakukaa mbali na dhahabu. Nyuma ya kaunta yake alikuwa akisikia nani kachimba wapi, kitalu gani kinauzwa kwa sababu mwenyewe amechoka, nani ana deni. Akanunua hisa za vitalu. Sahani na kitanda vilimletea pesa, na pamoja na pesa vilimletea habari.

Kuna kisa kimoja kinachomweleza vizuri. Yeye na Alex McDonald, mchimbaji aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Klondike, walinunua kwa ubia shehena iliyookolewa kwenye boti iliyoharibika. McDonald aliwahi kufika, akachukua vyakula vyote, akamwachia Belinda pombe na gambuti. Majira ya baridi yalikuwa ya njaa, na chakula kilikuwa na thamani kuliko kitu kingine. Belinda akanyamaza. Theluji ilipoyeyuka, mashimo yakajaa maji na tope, na vibarua wa McDonald hawakuweza kushuka bila gambuti. Inasimuliwa kuwa alimuuzia kila jozi kwa dola 100.

"Sakafu za baa zilifagiliwa zikatoa dhahabu."

Kweli, na hakuna muujiza. Dawson fedha taslimu zilikuwa adimu. Watu walilipa kwa unga wa dhahabu, kila mmoja na kimfuko chake cha ngozi, na kila kaunta ilikuwa na mizani. Unapomimina unga kwenye mizani mara mia kwa usiku, kwa mwanga hafifu, na mikono ya walevi ikitetemeka, punje zinadondoka. Sakafu ilimwagiwa maranda ili yanyonye tope, maranda yakazinasa punje. Belinda hakuyatupa. Yalikusanywa na kupitishwa kwenye mfereji wa kuoshea mchanga, kama mchimbaji aoshavyo udongo wake.

"Hoteli yake ya Fairview ilikuwa ya kifahari kama za Ulaya."

Kweli mpaka uguse ukuta.

Fairview ilifunguliwa Dawson tarehe 27 Julai 1898. Ilikuwa na ghorofa tatu, vitanda vya shaba, taa za vioo za kuning'inia, vyombo vya fedha, vitambaa vya meza vya kitani, mabafu ya mvuke, na mabomba ya kupasha vyumba joto. Ilikuwa na umeme, uliotoka kwenye mtambo wa boti iliyotia nanga mtoni. Upande wa pili wa barabara ya tope walikuwapo watu wanaolala kwenye mahema. Baa yake iliingiza dola 6,000 katika saa 24 za kwanza.

Sasa huo ukuta. Vyumba vilitenganishwa kwa turubai iliyobandikwa karatasi nzuri za mapambo. Kwa macho ilikuwa hoteli ya Paris. Kwa masikio ulikuwa ukumbi mmoja: mkoromo wa chumba cha mwanzo ulisikika hadi cha mwisho, na siri ya biashara iliyonong'onwa kitandani ilimfikia jirani. Mbao zilizopasuliwa zilikuwa ghali kupita kiasi, mji wote unajengwa kwa wakati mmoja na viwanda vya mbao havitoshi. Belinda alichagua wapi atoe pesa na wapi abane. Akatoa kwenye joto, kitanda, chakula na usafi, akabana kwenye ukuta. Kwa maoni yangu alichagua sawasawa. Mtu aliyetembea wiki kadhaa kwenye theluji husamehe mkoromo, godoro baya halisamehe.

Na zile taa za vioo na vitu vingine vya kifahari vilifikaje? Hapa kuna simulizi nyingine maarufu, na waandishi wa historia ya Klondike wanairudia bila kusita. Mchukuzi mmoja mkubwa wa Skagway, Joe Brooks, aliahidi kuvusha shehena ya Belinda milimani kwa msafara wa nyumbu wake. Njiani akapata mteja anayelipa vizuri zaidi, mwenye pombe ya kupeleka kwa Bill McPhee, mmiliki wa baa Dawson. Akashusha mizigo ya Belinda, akapakia pombe. Belinda hakwenda kulalamika popote. Alikusanya watu, akaufuatia msafara, akateremsha pombe, akapakia vitu vyake kwenye nyumbu walewale, akaendelea na safari akiwa amempanda farasi wa Brooks mwenyewe.

"Hoteli za mwanamke kwenye miji ile zilikuwa madanguro tu."

Si kweli kwa Belinda, na kwa jumla ni kashfa ya kivivu. Biashara ya ukahaba ilikuwapo Dawson, tena waziwazi, na polisi waliidhibiti mpaka wakaihamishia ng'ambo ya mto. Hakuna sababu ya kuificha. Lakini Fairview ilikuwa na mlango wa pembeni, ili wanawake waingie chumba cha chakula bila kupita baa. Wafanyakazi wake walimwita Miss Mulrooney, na hakuna aliyethubutu kumzoea. Alianzisha pia kampuni ya kuuza maji safi, jambo lililokuwa la uhai na kifo, kwa sababu homa ya matumbo iliua watu wengi Dawson mwaka 1898. Alishiriki kuanzisha kampuni ya simu. Mtu akiona mwanamke na pesa kwenye mji wa wanaume, akaruka moja kwa moja kwenye danguro, anatueleza habari zake mwenyewe kuliko za huyo mwanamke.

"Watu walipigana risasi mitaani kila siku."

Si kweli kwa Dawson. Polisi wa Kanada chini ya Sam Steele walipiga marufuku kubeba bastola mjini, na Jumapili baa zote zilifungwa. Waliokata kuni siku ya Jumapili walitozwa faini. Sifa ya risasi ni ya Skagway, upande wa Marekani, ambako tapeli Soapy Smith alitawala mpaka alipouawa Julai 1898.

"Alikuwa mwanamke pekee mwenye hoteli katika nchi zile."

Si kweli, na simulizi hii huwafuta wenzake. Harriet Pullen alishuka Skagway mwaka 1897 na dola saba, akaanza kwa kuoka mikate ya tufaha, akaendesha farasi wa mizigo, kisha akawa na Pullen House, hoteli iliyojulikana Alaska nzima. Nellie Cashman, naye Mwayalandi, aliwahi kuendesha nyumba za wageni na migahawa huko Tombstone, Arizona, na alifika Dawson mwaka 1898 akiwa na zaidi ya miaka 50. Huyo miaka ya 1870 aliongoza msafara katikati ya theluji kuwapelekea wachimbaji wa Cassiar chakula, walipokuwa wanakufa kwa kukosa mboga na matunda.

Na usidhani ni mambo ya barafu tu. Mwaka 1902 Nairobi ilikuwa bado mji wa mahema na mabati kando ya reli, wakati Mayence Bent alipoanzisha Stanley Hotel. Mahali popote ambapo wanaume walifika wengi, wamechoka na hawajui kupika, palikuwa na mwanamke aliyepiga hesabu vizuri.

"Aliolewa na mkabaila wa Kifaransa."

Si kweli, na inasikitisha. Charles Eugène Carbonneau alifika Dawson kuuza shampeni, amevaa kifahari, akidai cheo cha ukoo wa Kifaransa. Wakanada waliozungumza Kifaransa mjini walisema alikuwa kinyozi wa Montreal. Belinda aliolewa naye tarehe 1 Oktoba 1900. Walikaa Paris, wakaishi kifahari, na mambo ya fedha ya mume yakaanza kunuka udanganyifu. Mwaka 1906 waliachana. Wapo wanaomcheka kwamba mwanamke aliyewashinda McDonald na Brooks alishindwa na kinyozi. Mimi sicheki. Kwenye biashara alikuwa na miaka ya mazoezi. Kwenye mapenzi alikuwa anaanza, na mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa na uzoefu wa kudanganya.

"Alikufa maskini, kama wote waliogusa dhahabu ya Klondike."

Si kweli, ingawa wengi waliotajirika kule kweli waliishia mikono mitupu. McDonald, aliyekuwa na vitalu vingi kuliko anavyoweza kuvihesabu, ni mmoja wao.

Belinda aliondoka Dawson, akaenda Fairbanks, Alaska, dhahabu mpya ilipopatikana huko, na pamoja na dada yake akaanzisha benki, Dome City Bank. Faida akainunulia ardhi Yakima, jimbo la Washington, akajenga jumba la mawe ambalo watu waliliita kasri, akawaweka humo ndugu zake na wazazi wake, wale waliomwacha Sligo akiwa mtoto. Utajiri ule haukudumu wote. Baadaye jumba liliondoka mikononi mwake na alihamia Seattle, ambako alifanya kazi kwa mikono yake, ikiwemo kwenye karakana za meli wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa na miaka 70. Aliishi kwa nafasi ya kawaida, bila kuomba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwandishi mmoja alikaa naye akaandika kumbukumbu zake, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu sarafu, gambuti na nyumbu imetoka humo. Alifariki Seattle mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 95.